Ua Lipi Linataka Maji

Mke wangu alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimtoka, likabaki moja. Neno lenyewe lilikuwa "maji." Akitaka chai alisema maji. Akitaka kugeuzwa upande, maji. Binti yetu alipopiga simu kutoka Dodoma akaanza kulia, mama yake alimtuliza kwa sauti ileile aliyomlelea, ya taratibu, ya kubembeleza: "Maji, maji, maji." Mtoto akazidi kulia.

Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Nilifika bonde hili nikiwa kijana, nyuma ya ng'ombe wa baba yangu, tukifuata malisho. Ng'ombe wale waliisha kama ng'ombe wanavyoisha, mmoja ugonjwa, mmoja harusi, mmoja shida, na mimi nikabaki Ifakara nikiendesha mashine ya kukoboa mpunga. Nimesimama kando ya mashine ile hadi masikio yakafa nusu. Mke wangu ni Mpogoro wa Mahenge, kule juu milimani. Asubuhi alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza, jioni anakwenda mazoezi ya kwaya, na katikati ya hayo alikuwa anaongea. Aliongea na mimi, na kuku, na redio, na majirani juu ya uzio. Watu waliniuliza nawezaje kuishi na kelele zile. Niliwaambia mtu asiyesikia vizuri anapenda nyumba yenye sauti, maana walau kidogo inamfikia.

Tulijenga mtaa wa Lipangalala, hapohapo Ifakara, kwenye kiwanja kilichoinamia upande wa barabara. Mbele ya nyumba mke wangu alijaribu maua mengi. Mengi yalikuja na mvua yakaondoka na jua. Yaliyokaa miaka yote yalikuwa mawili. La kwanza ni waridi jekundu, chini ya dirisha la chumba chetu. Mdogo wake alimletea kijiti chake kutoka Mahenge, kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia lililoloweshwa. Alikijengea kitalu cha matofali kilichoinuka hadi usawa wa goti, akakijazia mchanga alioubeba mwenyewe kwa ndoo kutoka kingo za mto Lumemo, akachanganya na samadi iliyooza. La pili ni bogenvilia ya zambarau, pale getini. Hiyo aliikata tawi kwenye uzio wa kanisa baada ya kuomba ruhusa, akaichomeka chini, kwenye udongo wetu huuhuu mweusi, bila matofali wala samadi.

Sikuwa mtu wa maua. Kwetu sisi, ua ni kitu ambacho ng'ombe hajakiona bado. Lakini jioni nilikuwa nakaa barazani na redio yangu, na yeye akiwa ameinama kwenye mimea yake alinisemesha habari zake kama anazungumzia wake wenza: "Huyu anataka kubembelezwa, huyu hataki. Huyu ukimsahau kidogo tu, ananuna. Huyu ukimfuatafuata ndiyo unamharibu." Mimi nikaitikia, "Ehee." Sauti yake ninaikumbuka mpaka leo, ilivyopanda na ilivyoshuka. Kidole chake kilikuwa kinaelekea wapi wakati akisema huyu na huyu, hapo kumbukumbu yangu ni giza.

Alianguka asubuhi, jikoni, kiangazi kikiwa kikali. Karai la mafuta lilikuwa bado halijapata moto, Mungu alisaidia. Tulilazwa. Ninasema tulilazwa kwa sababu nami nilikuwa nalala chini, kwenye mkeka, pembeni ya kitanda chake. Tuliporudi nyumbani upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na mdomo umevutwa kidogo. Wanakwaya wenzake walikuwa wamechanga wakamtafutia kiti cha magurudumu. Nilimsukuma kupita getini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ile bogenvilia. Muda wote ule hakuna aliyeitia hata kikombe cha maji, na ilikuwa imewaka. Majani huyaoni, ni maua matupu, yamefunika nguzo ya geti na kumwagikia upande wa barabara. Waridi lilikuwa limejikunja, machipukizi yamekaukia kwenye miiba, majani ukiyagusa yanavunjika kama karatasi.

Mtu mwenye akili zake angejifunza pale pale. Lakini mimi siku ile macho yangu yalikuwa kwenye magurudumu, nisije nikamwangusha.

Binti mmoja wa hospitali, mtaalamu wa mazoezi, alikuja nyumbani kunifundisha. "Shikamoo baba," alisema, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya mke wangu, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Alinifundisha kumwinua bila kuumiza mgongo, kumgeuza, kumlisha akiwa ameketi wima. Kisha akanivuta pembeni.

"Baba, akili yake ipo. Anakuelewa. Kilichopotea ni njia ya kutolea maneno."

"Kwa hiyo nikimuuliza jambo atatikisa kichwa?"

"Muulize maswali ya ndiyo na hapana. Lakini na kichwa chake usikiamini sana. Anaweza kutikisa hapana kumbe anataka kusema ndiyo."

"Sasa nitajuaje?"

Binti yule aliniangalia kwa huruma. "Taratibu, baba. Utamjua."

Mimi nilikuwa nimeishi na mke wangu tangu tukiwa vijana. Nilidhani nilikuwa namjua tayari.

Tukaanza maisha hayo. Nilijifunza kupika. Ugali wangu ulikuwa na madonge, akautema, nikapika tena. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa anakuja kunisaidia kumwogesha, mpaka nikazoea kumwogesha mwenyewe. Mchana nilimtoa barazani, kwa sababu ndani alikuwa anaangalia ukuta. Barazani aliangalia maua yake.

Siku moja alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kuelekea mbele. "Maji," alisema.

Nikamletea kikombe. Akakisukuma. "Maji!" Akanyoosha tena. Nikafuata mkono wake nikaona waridi, lile lililokauka. Kwa mara ya kwanza neno lilikuwa limekaa mahali pake! Nikachukua ndoo, nikajaza, nikamwagia waridi. Nikageuka kumwangalia. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikafurahi sana, na kwa furaha hiyohiyo nikajaza ndoo ya pili nikaenda kuimwaga yote kwenye bogenvilia. Nyuma yangu nikasikia anapiga mkono wa kiti. Pa, pa, pa. "Maji! Maji!"

"Ninakuja, mama," nikamwambia. "Naongeza." Nikaongeza.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila jioni. Ndoo kwa waridi, ndoo kwa bogenvilia. Hata samadi niliitafuta. Jamaa zangu wa Kisukuma wenye ng'ombe hawakosekani, nikaletewa gunia zima, nikagawa sawasawa kama mtu mwenye haki. Waridi likaanza kuchipua, majani madogo mekundu kama ulimi wa paka. Bogenvilia ikadondosha maua yote. Ikatoa majani, majani, majani, makubwa na laini, hakuna hata ua moja. Nami nikawaza, huyu bado ana kiu. Nikaongeza. Kila nilipoishika ndoo kuelekea getini mke wangu alikuwa anapiga kiti chake. Nilidhani ananihimiza. Baadaye nikadhani ana hasira na mimi kwa jambo lingine, la siku za nyuma, nikaanza kupekua moyoni ni lipi.

Majani yalipoanza kuwa ya njano nilimpigia binti yetu. Akasema nimwombe jirani apige picha kwa simu yake amtumie. Jioni akanipigia. Alikuwa ameulizauliza na kusomasoma.

"Baba, mpaka sasa unayamwagilia yote?"

"Yote. Sawasawa."

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Hayo maua hayafanani. Waridi linataka maji mara kwa mara, ya kwenye mizizi, usilirushie kwenye majani. Linataka samadi, na matawi makavu uyakate. Jua la asubuhi linalitosha. Bogenvilia inataka jua la kutwa nzima na udongo unaopitisha maji. Ikikaa na kiu ndiyo inatoa maua. Ukiipa maji na mbolea inashiba, inatoa majani, inasahau maua. Ukizidisha inaoza mizizi."

"Kwa hiyo niifanyeje?"

"Usiifanye chochote, baba. Iache."

"Kuiacha ndiyo kuitunza?"

"Kwa hiyo moja, ndiyo."

"Lakini mama yako anasema maji."

Kisha akasema taratibu, "Baba, mama anasema maji kwa kila kitu."

Niliiacha. Nilikuwa nakaa barazani jioni na ndoo moja badala ya mbili, nikajilazimisha kutokwenda getini. Mke wangu hakupiga kiti tena. Kwa siku chache zile tulikuwa kama watu walioelewana. Nilimwambia, "Kumbe ulikuwa unanikataza," na yeye akaangalia pembeni, akavuta pumzi, kama alivyokuwa anafanya zamani nikichelewa kuelewa kichekesho.

Kulikuwa na kitu kimoja bado. Kutoka kwenye shina la bogenvilia kulikuwa na mfereji mdogo, upana wa jembe, uliopita kando ya uzio, ukakata njia ya geti, ukatokea barabarani. Aliuchimba mke wangu. Kila mwaka kabla ya masika nilimwona akiuzibua, na siku zote niliuchukulia kuwa wa maji ya kufulia. Jumapili moja nikiwa namsukuma kwenda kanisani, gurudumu la mbele likatumbukia humo, kiti kikainama, na mke wangu akakaribia kuanguka kifudifudi. Nilimdaka kwa kanga yake.

Kesho yake nilikwenda mashineni kwetu nikaomba makapi ya mpunga na vipande vya matofali. Nikaujaza ule mfereji wote, kuanzia kwenye shina mpaka barabarani. Nikaweka udongo juu, nikaushindilia kwa gogo, nikasawazisha mpaka njia ikawa kama sakafu. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Tangu augue ilikuwa kazi ya kwanza niliyoielewa mwanzo hadi mwisho: kuna shimo, mtu asianguke, ziba.

Mke wangu alikuwa barazani akiniangalia. Nilipoanza tu kumwaga makapi alisema, "Maji."

"Nakuja."

"Maji. Maji! Maji!"

Nikanawa mikono nikampelekea kikombe. Alikipiga kikaruka mpaka kwenye kitalu cha waridi. Alikuwa analia. Alininyooshea kidole, akanyooshea mfereji, akanyooshea juu, mbinguni, akanyooshea tena mfereji. "Maji," alisema, na safari hii alilisema polepole, silabi baada ya silabi, kama mtu anayemfundisha mgeni lugha.

Jirani alikuja mbio kwa zile kelele. "Labda anataka kuoga," alisema. "Joto kali leo."

Tukamwingiza ndani tukamwogesha. Alituachia mwili wake, akafumba macho. Nikarudi kumalizia kushindilia.

Wanakwaya walikuja kumtembelea muda mfupi baada ya hapo, mchana wa Jumapili, wakajaa barazani na sare zao. Walisali, wakampa pole, kisha wakaanza kuimba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikasikia sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, imejaa kuliko ilivyopaswa. Masikio yangu siyaamini, kwa hiyo nilimwangalia mdomo. Mke wangu alikuwa anaimba. Maneno yote, ubeti mzima, bila kukwama, mdomo umevutwa upande lakini maneno yanatoka yakiwa mazima. Wenzake walipogundua sauti zao zikaanza kukatika kwa machozi, yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho wa wimbo.

Nililiweka sinia chini. Nilipiga magoti mbele yake. "Mama," nikasema, "umepona. Sema nami. Sema chochote."

Alikuwa anang'aa. Alinishika shavu kwa mkono wa kushoto, akafungua mdomo, na uso wake wote ulikuwa umejaa jambo analotaka kuniambia.

"Maji," alisema.

Alilisikia mwenyewe. Niliuona uso ukizima. Wanakwaya walikunywa chai, wakaaga. Baadaye yule binti wa mazoezi alinieleza kwamba hutokea hivyo, kwamba nyimbo zinakaa upande mwingine wa kichwa ambao haukuguswa. Nikamuuliza kama naweza kuzungumza naye kwa kuimba. Akasema tujaribu. Nilijaribu. Nilimwimbia, "Unataka uji au chai?" kwa tuni ya kanisani, na sauti yangu ya mashineni. Alicheka mpaka akapaliwa. Lakini hakujibu.

Kisha mvua zikaja. Mwanzoni zilikuwa za kawaida, usiku zinanyesha, mchana jua. Halafu zikaacha kukatika. Huku kwetu Lumemo ikijaa kila mtu anajua, hata kabla ya kuiona, kwa sababu maji ya barabarani yanaacha kutembea. Yanasimama tu, yanakuangalia. Asubuhi moja nilimtoa barazani tukakuta kiwanja kimekuwa bwawa kutoka kwenye ngazi hadi barabarani. Kitalu cha waridi kilikuwa kimechomoza matofali yake juu ya maji. Bogenvilia ilikuwa imesimama ndani ya maji, shina halionekani.

Mke wangu aliangalia kwa muda. Kisha akasema, bila hasira, "Maji."

Ndipo nikaelewa mfereji ulikuwa wa nini.

Nilichukua jembe nikashuka ndani ya maji. Nilianza kuchimba pale nilipokumbuka mfereji ulipopita, nikichimba kwa kupapasa maana huoni jembe linakokwenda. Matofali niliyoyashindilia yalikuwa yamekaa imara. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Nilipofungua hatua kadhaa, makapi yakaelea yakanizunguka, na maji hayakwenda popote. Yangekwenda wapi? Barabara yenyewe ilikuwa imejaa. Mfereji ungefaa kuanzia mvua za mwanzo, kuyatoa kidogo kidogo. Sasa hivi nilikuwa nachimba shimo ndani ya bwawa. Niliendelea hata hivyo. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, na kila nilipoinua kichwa nilimwona mke wangu barazani na mkono wake wa kushoto umeinuliwa, kiganja kimenielekea. Sikujua kama anasema acha au anasema endelea.

Nilipopanda barazani hatimaye, nimelowa chapachapa, alivuta kanga iliyofunika miguu yake akanipa nijifute.

Maji yalikaa wiki nyingi. Yalipopungua bogenvilia haikuwa na jani hata moja. Nilikwaruza gome kwa ukucha nikitafuta kijani, nikapata kahawia. Nikakwaruza chini zaidi, karibu na udongo, kidole kikazama kama kwenye muhogo uliooza. Waridi lilikuwa na madoa meusi kwenye majani lakini lilikuwa hai, na lilitoa ua moja dogo lililofunguka vibaya, upande mmoja umebanwa. Nililikata nikampa. Alilishika, akaangalia getini.

Barabara ya Mahenge ilipopitika, mdogo wake alikuja. Ni mjane, anaishi na binti zake wawili wakubwa. "Shikamoo shemeji," alisema, akaweka mizigo chini, na kabla hata ya kunywa maji akamwingiza dada yake ndani kumwogesha. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alifunga mlango nyuma yake.

"Shemeji, kile kidonda cha nyongani umekiona?"

"Nimekiona."

"Kimeanza lini?"

"Wakati wa mvua. Mgongo wangu ulikuwa umekaza, nilikuwa simgeuzi vizuri usiku. Nampaka dawa waliyonipa."

Alikaa kwenye kigoda. Nilitegemea anigombeze, na ningependelea hivyo. "Mimi sikulaumu," alisema. "Kazi hii ni ya watu wanne na wewe uko peke yako, na wewe si kijana. Nataka nimchukue. Kule kuna baridi, kuna mimi, kuna mabinti. Kidonda kikichimbika, shemeji, ndicho kitakachomwondoa, wala si kiharusi."

"Tumuulize mwenyewe," nilisema.

Tulikwenda tukakaa mbele yake, mimi huku, mdogo wake huku. Nikamuuliza, "Mama, unataka kwenda Mahenge na mdogo wako?"

Akatikisa kichwa: ndiyo.

Mdogo wake akapumua. Lakini mimi nilikumbuka nilivyoambiwa, nikageuza swali. "Unataka kubaki hapa na mimi?"

Akatikisa kichwa: ndiyo.

"Dada," mdogo wake alisema, "kimoja. Mahenge?" Ndiyo. "Hapa?" Ndiyo. Kisha hapana. Kisha akatuangalia wote wawili, mmoja mmoja, akasema kwa uchovu, "Maji." Mdogo wake akaficha uso kwenye kitenge. Mimi nilitazama mdomo wa mke wangu, kama vile nikiukazia macho ya kutosha neno la pili litachungulia.

Nilimpigia binti yetu. Alikuwa upande wa mama yake mdogo. Alisema, "Baba, si kwamba umeshindwa." Nikamwambia, "Nimeshindwa, mwanangu. Tuseme tu." Hakubisha.

Siku ya kuondoka alisukwa nywele, akavishwa gauni la kanisani. Tulikodi gari ili aweze kulala kiti cha nyuma. Nilimbeba mwenyewe kumwingiza. Nilipotaka kufunga mlango aliuzuia kwa mkono, akaanza kuzungumza. Maji maji maji, maji, maji maji. Sentensi ndefu zenye vituo na maswali, sauti ikipanda na kushuka, ikikaripia kidogo, ikicheka kidogo. Alinyoosha mkono kuelekea waridi, paa la jikoni, kuku, nyumba ya jirani, kifua changu. Alimaliza akaniangalia akisubiri.

"Nimesikia," nilimwambia.

Akanitazama kwa muda, akaondoa mkono mlangoni.

Sasa ninaishi peke yangu. Waridi ninalimwagilia asubuhi, kwenye mizizi, majani siyagusi. Ninalikata kwa kisu cha jikoni bila kujua nakata panapotakiwa au la, na lenyewe halisemi. Linatoa maua mwezi huu, mwezi ujao linakaa bure, na siwezi kukuambia nilifanya nini tofauti. Bogenvilia niling'oa kisiki chake. Jirani ananiambia nipande nyingine kwa kuwa inashika kirahisi, ni kuchomeka tawi tu. Najua. Na mfereji nimeuzibua wote, ni mzuri kuliko wa kwake, unapitisha maji ya pale getini pasipo na ua tena.

Ninapanda Mahenge kila nikipata nafasi. Kidonda kimepona. Amenenepa. Shemeji ananiambia siku hizi anasema "chai," na siku nyingine alisema "kuku" kuku walipoingia sebuleni. Ninafurahi, ninakaa naye kutwa nzima nikisubiri kusikia, na mbele yangu anasema maji. Shemeji anaona aibu, kama vile alinidanganya. Ninamwambia haidhuru.

Mara ya mwisho tulikaa nyuma ya nyumba, penye mawaridi ya mdogo wake, mengi, yanayojiotea kwenye ule ubaridi kama magugu. Hakuyaangalia. Nilikuwa nimepanga njiani kumuuliza kama anataka kurudi nyumbani, nilikuwa nimeliandaa swali kwa namna tatu. Nikakaa nalo mdomoni. Akitikisa kichwa, nitarudi nalo Ifakara likiwa vilevile.

Shati langu lilikuwa limekosewa vifungo. Nilikuwa nimeamka mapema, nikavaa gizani. Aliliona. Akanivuta karibu kwa ukosi, akaanza kukifungua kifungo cha kwanza kwa mkono wake mmoja wa kushoto. Hakuwahi kuutumia mkono ule kwa kazi ndogo ndogo. Kifungo kiliteleza, akakirudia, kikateleza. Shemeji alitokea mlangoni akataka kuja kusaidia, nikampungia asije. Niliinama zaidi ili afikie, mgongo ukaniuma, nikakaa hivyohivyo.